Kabla ya Michango, Tusomeeni Habari za Watu

Katika sharika nyingi za Nyanda za Juu Kusini, matangazo ya Jumapili ndiyo chombo cha habari kinachoaminiwa kuliko vyote. Gazeti la Dar es Salaam hufika vijiji vya Makete limechelewa, kama linafika, redio husikika bondeni ikapotea mlimani, na simu huleta habari nyingi ambazo hakuna anayejua zimeanzia kwa nani. Lakini neno lililosomwa na mzee wa zamu mbele ya usharika, karatasi ikiwa mkononi mwake, watu hulipokea kuwa kweli na hulipeleka nyumbani kwa wale ambao hawakuweza kuja ibadani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiyasikiliza matangazo hayo kwa makini katika makanisa ya Kilutheri, ya Moravian na ya Kianglikana, kuanzia Iringa hadi Tukuyu, na maoni yangu ni haya: tumeyageuza kuwa taarifa ya fedha, na watu wametoweka ndani yake.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu fedha. Kanisa linajengwa na sadaka, mchungaji na mwinjilisti wanaishi kwa matoleo yetu, na usharika usiosomewa mapato yake hauna budi kuanza kunung'unika. Tatizo ni kwamba hesabu imechukua nafasi yote, na imechukua nafasi ya heshima, ile ya mwanzo, wakati masikio bado yako wazi na watoto hawajaanza kulia njaa.

Nina karatasi moja ya matangazo ya usharika wa mjini Mbeya ambao sitautaja, kwa kuwa unafanana na mingine mingi. Ni kurasa mbili zilizopigwa chapa vizuri. Inaanza na matoleo ya Jumapili iliyopita, ibada ya kwanza na ya pili, kisha fungu la kumi, sadaka ya shukrani, ahadi, mfuko wa jengo na mfuko wa elimu. Inafuata orodha ya jumuiya zote, zimepangwa kuanzia iliyotoa nyingi hadi iliyotoa kidogo, na kiasi cha kila moja kimeandikwa pembeni. Ile ya mwisho, ambayo ni jumuiya ya wajane wengi na vijana wanaobeba mizigo sokoni, husomwa kwa sauti ileile, na ukigeuka utaona watu wake wameinamisha macho. Baada ya hapo kuna zamu za kwaya, kikao cha kamati ya ujenzi, ukumbusho wa kurudisha bahasha, na tangazo la ndoa linalosomwa kwa mara ya pili. Mstari wa mwisho kabisa unasema: “Tuwakumbuke wagonjwa wetu katika maombi.” Hakuna jina hata moja. Mgonjwa ni nani, na yuko wapi? Yuko hospitali ya Rufaa, yuko hospitali ya Ilembula, au yuko kitandani kwake nyumba ya tatu kutoka kanisani?

Habari zenyewe husikika nje, kwenye mnada. Kila aliyekulia huku anaujua mnada wa baada ya ibada: jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, mkungu wa ndizi ulioteremshwa kutoka Rungwe, sado la maharage, trei la mayai, na mzee mwenye sauti kubwa anayepandisha bei mpaka jogoo mmoja anunuliwe na kurudishwa mnadani ili auzwe tena. Hapo ndipo nilipomsikia kijana mmoja wa kwaya akimuuliza bibi aliyeshika ndizi zake, “Shikamoo bibi, mbona yule mama wa sauti ya pili hatumwoni siku hizi?” Naye bibi akashangaa. “Marahaba mwanangu. Kumbe huna habari? Amelazwa tangu kabla ya Pasaka, na binti yake ndiye anayelala sakafuni huko wodini kumhudumia.” Kwaya nzima haikujua. Walikuwa wamesimama madhabahuni asubuhi hiyo na kuimba vizuri sana, na nafasi ya mwenzao ilikuwa wazi mbele ya macho yao.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu makanisa yetu hayakuanza hivi. Wamoravian, kwa mfano, wana urithi wa pekee katika hili. Herrnhut, kijiji cha Ujerumani kilikotoka kanisa hilo kama tunavyolijua, kilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani waliotoka Moravia na kupewa hifadhi katika ardhi ya Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani. Miaka 10 tu baadaye, wakiwa bado wachache na maskini, walikuwa wamewatuma wamisionari katika kisiwa cha Saint Thomas huko Karibi, na mwaka uliofuata Greenland. Jamii ndogo iliyotawanyika hivyo ingeweza kuwasahau watu wake kwa urahisi kabisa. Kilichowashikamanisha ni habari: barua na shajara kutoka kila kituo zilikusanywa, zikanakiliwa kwa mkono, zikatumwa kwa usharika baada ya usharika, na zikasomwa kwa sauti mbele ya waumini katika siku iliyotengwa kila mwezi kwa kazi hiyo. Mfumaji wa Ujerumani aliyesikia usomaji huo alijua ni nani amebatizwa kwenye barafu ya Greenland na ni nani amekufa kwa homa Karibi, na alipowaombea aliwaombea kwa majina. Kila muumini alihimizwa pia kuandika maisha yake mwenyewe, ili yasomwe siku ya maziko yake. Sisi tunaosoma wasifu wa marehemu kwenye misiba yetu tuna undugu na desturi hiyo, ingawa ni wachache wanaotambua.

Wenye desturi hiyo ndio waliofika Rungwe mwaka 1891, wakiongozwa na Theodor Meyer, na mwaka huohuo Alexander Merensky na wenzake wa Misheni ya Berlin walifika upande wa mashariki wa nchi hiyohiyo ya Wanyakyusa. Mgawanyo wao wa maeneo ndio unaofanya hadi leo ukoo mmoja uwe na Wamoravian magharibi na Walutheri mashariki. Wote wawili waliandika bila kuchoka. Ndiyo maana mjukuu wa mzee wa kanisa wa Manow au Rutengano akitaka kujua babu yake alibatizwa lini na alisema nini siku hiyo, mara nyingi inabidi aulize Berlin au Herrnhut, kwa kuwa huko ndiko habari za babu yake zilikoandikwa na kutunzwa. Waanglikana nao walianza mapema: mwaka 1888 misheni ya UMCA, yaani ile ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati, ilianza kuchapisha huko Zanzibar gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, likiwa na habari za vituo vya Magila, Masasi na Nyasa, nyingi zikiwa zimeandikwa na walimu Waafrika wenyewe. Mwaka 1910 misheni za Kiprotestanti zikaanza kutoa Pwani na Bara mjini Dar es Salaam, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipolikatiza. Watu wa wakati ule, wenye barabara za miguu na matbaa chache, walipata nafasi ya kuandika kwamba fulani ameoa na fulani amefiwa. Sisi tuna lami kutoka Iringa hadi Tunduma na simu katika kila mfuko.

Vita hiyohiyo inaonyesha habari ina uzito gani. Mwaka 1916 eneo hili lilipotekwa, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na kwa miaka kadhaa kazi ilishikwa na wazee, walimu na wainjilisti wa hapa, wakisaidiwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia waliovuka kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho cha katikati fedha za Ulaya hazikuja, na kilichobaki kuunganisha kituo na kituo ni miguu ya watu na maneno waliyobeba. Kanisa halikufa. Kila ninaposikia kwamba usharika hauwezi kusimama bila mfuko huu au ule, huikumbuka miaka hiyo.

Kuna eneo moja ambalo ukimya wa matangazo yetu umetugharimu maisha, nami siwezi kulipita kwa haraka. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 mkoani Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Mikoa mitatu inayoongoza ndiyo hii yetu, ambayo ina makanisa kila kilima. Katika miaka ya 1990 tulizika vijana wetu mfululizo, na wasifu baada ya wasifu ulisema marehemu “aliugua kwa muda mrefu”, tukaimba, tukarudi nyumbani. Baadaye makanisa yalifanya kazi kubwa na njema: hospitali za misheni kama Ilembula, Itete na Bulongwa zilitibu wengi, vikundi vya wanawake vilitembelea wagonjwa majumbani, na yatima walisomeshwa kwa sadaka za watu wasio na kitu. Lakini kazi hiyo nayo haisomwi Jumapili. Mfuko wa diakonia, yaani wa huduma kwa wahitaji, hutajwa kwa kiasi kilichopatikana, na ni nadra sana kusikia kwamba kiasi hicho kilinunua sare na madaftari ya watoto fulani wa mtaa fulani, ambao sasa wako darasani. Mtu anayetoa shilingi 500 kutoka kwenye mauzo ya viazi ana haki ya kujua shilingi yake imemvisha nani, na nina hakika kwamba akijua, Jumapili ijayo hatahitaji kuhimizwa na mtu kwa kipaza sauti.

Hapo ndipo mimi na wazee kadhaa tunapotofautiana. Wao husema muda hautoshi, kwamba ibada ya pili inasubiri nje, na kwamba matangazo yakirefushwa watu wataondoka. Ninawaheshimu, lakini muda upo. Umetumika tu kusoma orodha ya jumuiya thelathini na viwango vyake, orodha ambayo ingeweza kubandikwa ukutani ikasomwa na kila mwenye haja. Wengine husema, kwa hoja nzito zaidi, kwamba kutaja wagonjwa hadharani ni kufungua mlango wa umbea, hasa katika maradhi ambayo bado yanaonewa aibu. Hili ni kweli, na dawa yake ni ridhaa. Mzee wa jumuiya amuulize mgonjwa au ndugu zake kama wanapenda jina lisomwe, na kama hawapendi, jina lisisomwe. Wala si lazima ugonjwa utajwe. Inatosha kusema kwamba mama fulani wa jumuiya fulani amelazwa, kwamba zamu ya kupeleka uji wiki hii ni ya jumuiya fulani, na kwamba binti yake anahitaji mtu wa kumpokea usiku. Umbea hustawi pale watu wanapojua nusu ya jambo. Waliopewa kazi ya kufanya hawabaki na nafasi nyingi ya kunong'ona.

Mbali na habari za ndani ya usharika, ziko habari kati ya usharika na usharika, na hapa hali ni mbaya zaidi. Dayosisi ya Iringa ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ina uhusiano wa tangu miaka ya 1980 na Sinodi ya eneo la Saint Paul huko Minnesota, Marekani, unaojulikana kwa jina la Bega kwa Bega, ambamo sharika za pande mbili zimeunganishwa, zinaombeana, zinaandikiana na kutembeleana. Ni uhusiano mzuri ambao umesomesha watoto wengi, na dayosisi nyingine pamoja na majimbo ya Moravian yana marafiki wao Ujerumani na kwingineko. Ninachouliza ni kwa nini bidii hiyo ya kuandikiana haijawahi kuelekezwa kwa jirani. Ofisi ya usharika wa kijijini inaweza kuwa na picha za rafiki wa Marekani ukutani, majina yao yameandikwa chini, na wakati huohuo usharika huo usijue kwamba wenzao wa ng'ambo ya bonde wameezuliwa paa na upepo wa Novemba na wanasalia chini ya turubai. Tukiwaandikia wa mbali tunaandika vizuri, kwa sababu tunajua barua itasomwa. Jirani naye anasoma.

Uzio wa madhehebu unazidisha umbali huo. Mlutheri wa Mwakaleli na Mmoravian wa Rungwe wanauza chai kwa mizani ileile, wanazikana na kuozana, na wote wanasalimiana “ugonile” asubuhi na kushukuriana “ndaga” jioni, lakini Jumapili hakuna anayesikia neno kuhusu kanisa la mwenzake. Jumuiya ya Kikristo Tanzania, yenye mizizi tangu mwaka 1934, imetupa angalau Maombi ya Dunia ya wanawake katika Ijumaa ya kwanza ya Machi, siku ambayo akina mama wa makanisa mbalimbali huketi pamoja. Wanaume na vijana wajifunze kwao. Ukiwasikiliza akina mama wanapotoka katika ibada hiyo utasikia wakiulizana habari za ndoa, za watoto walioko masomoni, za mazao na za misiba, na wengine huweka ahadi ya kwenda kumpa pole mtu wa dhehebu jingine wiki hiyohiyo.

Kuhusu maamuzi ya ngazi za juu nitasema machache. Mwaka 2022 mgogoro wa Dayosisi ya Konde ya KKKT, ambao suala la makao makuu kuwa Tukuyu au Mbeya mjini lilikuwa sehemu yake, uliandikwa na vyombo vya habari vya nchi nzima, na kabla ya hapo Wamoravian nao walikuwa wamepita katika migogoro yao. Sina nia ya kutonesha vidonda wala kuamua nani alikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba katika mgogoro wowote wa kanisa, muumini wa kawaida husoma kwenye simu yake maneno makali kutoka pande zote kabla hajasikia neno moja la utulivu kutoka mimbarini kwake. Wajumbe wa mkutano mkuu au sinodi hurudi na makabrasha, na makabrasha hayo huishia kabatini kwa katibu. Mjumbe ametumwa na watu. Akirudi apewe dakika 10 za kuwaambia waliomtuma ni nini kimeamuliwa, nani alipinga na kwa sababu gani, kwa lugha ambayo bibi wa viti vya nyuma anaielewa.

Kazi yote hii haihitaji mradi wala mfadhili. Kila usharika wa huku, na kila ushirika au mtaa kwa kadiri kila kanisa linavyojiita, una mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri na muda wa kutosha, ambaye kwa sasa anaitwa tu pale inapohitajika risala ya kumpokea mgeni. Apewe daftari lenye jalada gumu. Kila jumuiya imletee habari zake Alhamisi: aliyezaliwa, aliyelazwa, aliyeruhusiwa kutoka hospitali, aliyefaulu, aliyehama na cheti chake cha uhamisho kimeandikwa kwenda wapi, aliyefiwa, aliyeanguka na kurudi. Achague, ahakikishe, aulize ridhaa, aandike, na Jumapili habari hizo zisomwe kwanza, hesabu ifuate. Mara moja kwa mwezi aandike ukurasa mmoja kwa sharika jirani, za madhehebu yote matatu, autume kwa simu pale penye mtandao na kwa kondakta wa basi pale pasipokuwa nao, kama tunavyotuma dawa na ada za shule. Redio za kanisa zilizopo mijini zingepata humo habari za kweli za vijijini, ambazo sasa hazizipati.

Na daftari likijaa lisitupwe. Nimeona stoo ya kanisa ambamo karatasi za matangazo za miaka mingi zilitumika kuwashia moto wa chai ya wageni, na sikulaumu mtu, kwa kuwa kurasa zile za viwango vya michango hazikuwa na kitu ambacho mjukuu angependa kukisoma. Daftari la watu ni jambo jingine. Maktaba za Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji hapa Mbeya, ambavyo ni vyuo vilivyozaliwa na makanisa haya, zingeweza kupokea nakala na kuzitunza, ili mtafiti wa kesho asilazimike kupanda ndege kwenda Ujerumani kuuliza habari za Wakinga, Wabena, Wahehe, Wasafwa na Wanyakyusa waliolijenga kanisa hili.

Mwaka wa kanisa huanza Majilio, na mabaraza mengi ya wazee hukutana Novemba kupanga kalenda. Naomba ajenda hii iingizwe katika vikao hivyo, mwalimu huyo mstaafu aitwe akasikilizwe, na gharama ya daftari na kalamu iwekwe kwenye bajeti kama fungu linalojitegemea. Orodha ya viwango vya jumuiya ibandikwe mlangoni kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, na mahali pake asomwe kwanza mgonjwa aliyeridhia kutajwa, jumuiya yake, wodi aliyolazwa na saa za kumwona.